Visu vya randa vya sentimita 40: achana na grenda ya mezani
Kaka, umeuliza utafute mashine gani ya kunolea visu vya mashine ya randa na panga la shamba. Kwa visu vya urefu huo grenda ya mezani isahau. Inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukizembea kidogo makali yanageuka bluu, na kama ni chuma cha kawaida kimeshalegea. Ukirudi kwenye mninga wetu huu wa Tabora, utakucheka. Tafuta ya jiwe la maji linalozunguka polepole. Tena usihangaike sana na nguvu ya mota, angalia kibanio kinachoshika kisu: kiteleze kwenye reli iliyonyooka, ndefu kuliko kisu. Kwa mkono mtupu hata fundi mkongwe anatoa mawimbi. Pembe ya makali iwe nyuzi 35 hadi 40. Vinoe vyote pamoja vibaki na uzito sawa, la sivyo randa itatetemeka. Panga la shamba? Hilo linoe kwa tupa tu.