Kuni ziive kwanza, nyama baadaye

Aprili mwaka juzi, Jumapili, mvua ilikuwa imekatika tu, nikaita watu wa kwetu waje tuchome nyama hapa kwa ploti, na nikaharibu kilo nne za mbavu. Nje zilikuwa nyeusi tii, ukikata ndani damu inatiririka, halafu uchungu wa moshi umeingia kabisa hata kachumbari haingeuficha. Na nyama yenyewe ilikuwa safi, nilikuwa nimeamka mapema nikaenda soko la nyama la Burma, Nairobi, kuichagua. Iliniuma sana.

Mjomba wangu, amekua akichunga ng'ombe huko Kajiado, aliangalia ule moto akaniambia, "Kijana wangu, hizo kuni bado zinalia na wewe ushaziwekea nyama." Nikasikiza, kweli zilikuwa zinalia, tssss, na povu inatoka kwa ncha. Hayo ni maji. Kuni mbichi joto lake jingi linaishia kukausha yale maji, nyama inabaki kupata moshi tu.

Kwa hivyo siku hizi naanza na kuni kabla hata sijaenda bucheri. Chukua mbili uzigonganishe, kavu italia ta! kama mbao, mbichi inatoa sauti nzito ya kufa. Mgunga ukiupata ndio bora, makaa yake yanakaa, mkalitusi uliokauka vizuri pia ni sawa. Saipresi mimi siweki, ina utomvu mwingi, itakupa masizi na uchungu. Na tafadhali, zile mbao za mjengo zilizopakwa rangi ama vipande vya nguzo zilizotiwa dawa usichomee chakula hata kama ni za bure, ile dawa inaweza kuwa na arseniki, hiyo ni sumu na watoto watakula hiyo nyama.

Ukishawasha, ngoja. Hapa ndio watu wengi wanashindwa, na nawaelewa, wageni wamekaa, njaa inauma, moto unawaka vizuri unaona ni kama uko tayari, kumbe ule mwali ndio unachoma ngozi ya nyama na kuacha ndani mbichi. Ngoja kama dakika 45 hivi, mwali uishe, makaa yawe mekundu na jivu jeupe juu. Weka kiganja juu ya wavu, kama shubiri moja, uhesabu pole pole. Ukitoa mkono kabla ya tatu bado ni moto sana, ukifika tano weka mbavu zako.

Makaa yasukume upande mmoja, ule mwingine ubaki wazi. Mafuta yakidondoka na mwali uruke, unahamisha nyama kule kwenye ubaridi, humwagi maji, maji yanarusha jivu lote kwa nyama.

Kama unaweza, itisha nundu. Ng'ombe wetu wengi, hawa Boran na zebu wengine, wamekula nyasi na kutembea sana, paja lao ni gumu na halina mafuta, lakini nundu mafuta yamepita katikati ya nyama, inajipaka yenyewe ikiiva. Mimi sioni haja ya marinedi, yaani kuloweka nyama kwa viungo, chumvi tu, na nyama uipanguse ikauke kwanza. Ikitoka iache kwa ubao dakika 10 ndio ukate, na ukate kukatisha nyuzi, sio kuzifuata, utaona hata shosho mwenye meno machache anakula.

Kitu kingine, na hii nasema kwa uzito: Julai kukiwa na ile baridi, mkimaliza kula, usiingize jiko ndani eti mpate joto. Makaa hata yakionekana yamelala yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu usingizini. Mimi huyamwagia maji hapo hapo nje, nayakoroga na kijiti, namwaga tena, mpaka nikiweka mkono karibu sisikii joto.