Ndoo ya Bia na Joto la Tabora

Kopo langu la kwanza la kimea cha kupikia bia nyumbani aliniletea shemeji kutoka Uingereza. Maelekezo yalikuwa mafupi: yeyusha kimea kwa maji moto, tia sukari, jaza maji mpaka lita 23, nyunyiza hamira, weka ndoo mahali penye joto. Nikatii. Ilikuwa Oktoba, na ndoo nikaiweka stoo, chini ya bati. Usiku uleule povu likasukuma kifuniko, siku ya tatu kimya. Bia ikanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Jirani yangu, mama mpika wanzuki (pombe ya asali), akanusa mara moja tu: "Mwanangu, pombe yako ina homa."

Ndiyo ilivyokuwa. "Penye joto" kwa mtu wa Uingereza ni nyuzi 20. Hamira ya bia hii chungu, aina iitwayo eli (ale), inapenda 18 hadi 22, na inapofanya kazi ndoo yenyewe hupata joto kuzidi la chumba. Basi, wadogo zangu, anzeni Juni au Julai, usiku wa kutafuta blanketi. Ukishindwa kusubiri, simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ivalishe fulana kuukuu iliyolowa, ncha zake zizame kwenye maji. Kiangazi chetu hewa ni kavu, fulana inakauka haraka na kuondoka na joto. Asubuhi na jioni natumbukiza kwenye beseni chupa mbili za maji yaliyoganda, umeme ukiwepo. Linda siku tatu nne za kwanza. Baada ya hapo usikeshe.

Usafi hauna mjadala. Ukitumia jiki, suuza kwa maji yaliyochemshwa, la sivyo utakunywa bia yenye ladha ya hospitali.

Sasa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kimea cha kopo huja na uchungu wake tayari, ila harufu nyingi imeshapotea jikoni kiwandani. Harufu unaitia mwenyewe. Mimi natumia Cascade, hopsi ya Marekani iliyotoka 1972, yenye harufu ya balungi. Povu likishatulia, natupia gramu 50 za vidonge vyake ndani ya ndoo, nafunika, nangoja siku tatu. Pakiti iliyofunguliwa ifunge vizuri ikae friza. Ikianza kunuka jibini, tupa. Wengi wananiuliza kuhusu asali ya miombo. Nimejaribu. Ile nyeusi inaimeza Cascade yote. Waachieni wapika wanzuki.

Kujaza chupa ndiko kulikoniumiza. Niliona povu limekwisha siku ya sita, nikajaza, na wiki iliyofuata chupa mbili zikapasuka usiku, vioo mpaka kwenye chandarua. Macho hayatoshi, nunua haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki. Ikisoma namba ileile siku mbili tatu mfululizo, tuseme 1.010, ndipo ujaze. Sukari ya kuleta gesi ni gramu 3 kwa chupa ya nusu lita, na chupa ziwe za kahawia, maana mwanga wa jua unaiharibu hopsi ikanuka vibaya. Moja jaza kwenye chupa ya plastiki ya soda: ukiibonyeza ikigoma, gesi imetosha, hamishia zote kwenye friji.

Halafu kunywa. Kuna chupa nilizotunza toka Julai mpaka Krismasi. Uchungu ulikuwepo, balungi lilishaondoka.