Ngazi Kwenye Grafu ya Mkazo Si Kosa Lako

Nilipoanza kuiga ufa ndani ya fuwele moja ya shaba (kipande ambacho atomi zake zote zimepangwa kwa mwelekeo mmoja) kwa elementi finiti, njia ya kompyuta inayokigawa kitu vipande vidogo, wiki tatu nzima nilipigana na kitu ambacho hakikuwa tatizo. Grafu ya mkazo kuzunguka ncha ya ufa ilikuwa na ngazi: inatulia, inaruka, inatulia tena. Nikaulaumu wavu, yaani mgawanyo wa vipande hivyo. Nikauongezea elementi, ngazi zikazidi kuwa kali. Mwishowe nikaiagiza programu iwastanishe thamani kwenye nodi, pale elementi zinapokutana, picha ikapendeza, nikaipeleka kwa wenzangu. Kumbe nilichofuta ndicho nilichotumwa kukitafuta.

Wewe uliyezoea metali yenye chembe nyingi unatarajia mkazo ubadilike taratibu kadiri unavyoizunguka ncha. Fuwele moja haina uhuru huo. Shaba ina mifumo 12 ya mtelezo, njia ambazo safu za atomi huteleza juu ya nyingine, yaani bapa 4 zenye mielekeo 3 kila moja, na hakuna unaoanza kuteleza mpaka mkazo wa mkato juu yake ufikie kizingiti. Chora vizingiti hivyo pamoja kwenye grafu ambayo mihimili yake ni mikazo: utapata poligoni yenye pande zilizonyooka. Mwaka 1987 mtaalamu wa mekanika James Rice alionyesha matokeo yake kwa fuwele isiyoongezeka ugumu inapoteleza: karibu na ncha ya ufa usiosogea, mkazo ni uleule ndani ya kila kabari inayoanzia kwenye ncha, kisha unaruka mpakani. Kwa ufa ulio kwenye bapa (010) ukielekea [101] (namba hizi hutaja bapa na mielekeo ndani ya fuwele), mipaka iko nyuzi 54.7, 90 na 125.3 kutoka mwelekeo wa mbele wa ufa.

Katika shaba, ile ya 54.7 na 125.3 inafuata bapa za mtelezo zenyewe. Ule wa 90 ndio mtata: unakatiza mwelekeo wa mtelezo kwa pembe mraba, kwa hiyo dislokesheni, kasoro za mpangilio wa atomi zinazobeba mtelezo, haziwezi kutoka kwenye ncha na kusafiri kando yake. Lazima zizaliwe ndani ya nyenzo. Hapo ndipo ubishi mwingi wa fani hii ulipo, nami sishangai.

Lakini usihalalishe kila mruko. Mkazo unaosukuma uso wa mpaka, pamoja na ule unaoukata, lazima uwe sawa pande zote mbili. Unaoruhusiwa kuruka ni ule unaovuta sambamba na mpaka. Kikiruka kingine, hapo una kosa kweli.

Kwa hiyo soma mkazo kwenye pointi za intigresheni (zile za ndani ya elementi ambako programu hukokotoa mkazo), kwa nusu-kipenyo kimoja kutoka kwenye ncha, kabla ya kuwastanisha chochote. Usisogelee mno ncha, kwani ikishabutuka hesabu hii haiihusu tena. Ukiingiza ugumu unaoongezeka, miruko itageuka miteremko mikali, usishtuke.

Na kabla ya yote hayo, hakiki mwelekeo wa fuwele uliouandika kwenye faili. Mimi niliwahi kuugeuza nyuzi 90 bila kujua, na programu haikulalamika hata kidogo.