Maswali ya Wasomaji: Hotuba ya tabianchi ilipigiwa makofi, kisha kimya

Nilihutubia wazazi na bodi ya shule kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nilitaja barafu inayoyeyuka, ukame, mafuriko, vimbunga. Walinipigia makofi sana, kisha kila mtu akaenda zake. Nilikosea wapi? (Mwalimu wa sekondari)

Mwalimu, katika nakala uliyotutumia hakuna hata sentensi moja inayomwambia msikilizaji afanye nini. Umesoma orodha ya maafa, na makofi uliyopata ni namna ya kusema "pole". Mtu akitishwa bila kuonyeshwa pa kutokea, hujikinga: ama atasema unatia chumvi, ama atasema "sisi ni nani hata tuizuie dunia isiwake?" Vyovyote vile, umeshampoteza.

Safari nyingine anza kuandika kutoka mwisho. Andika ombi moja, lenye mtendaji, tendo na tarehe. "Tuyatunze mazingira" si ombi. "Tunaiomba bodi, katika kikao chake kijacho, ipige kura juu ya kufunga paneli za sola kwenye paa la maktaba" ni ombi. Kipimo chake ni chepesi: je, ukumbini yupo mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo? Kama hayupo, badili ombi au tafuta hadhira nyingine.

Ukipewa dakika tano, andika maneno yasiyozidi 500. Miongozo mingi inayotaja maneno 130 au 150 kwa dakika imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, ukiyafuata mahesabu hayo utajikuta unakimbia. Nusu dakika ya kwanza onyesha kitu kimoja ambacho hadhira hiyo imekiona kwa macho yake. Dakika moja eleza kinachokisababisha. Kisha zipe dakika mbili nzima ombi lako: gharama, nani atalipa, nani atasimamia, litachukua muda gani. Hapa ndipo wengi hubana, ilhali ndipo wajumbe wa bodi huanza kusikiliza kwa makini. Dakika moja jibu pingamizi kubwa kuliko yote, ulitaje wewe kabla hawajalitaja wao. Zikibaki sekunde thelathini, rudia ombi neno kwa neno, unyamaze. Shukrani ndefu baada ya ombi hulifuta.

Kwani kuna hotuba ya tabianchi iliyowahi kubadili uamuzi papo hapo? (Mwanachama wa klabu ya mdahalo)

Ipo, nayo ilikuwa fupi mno. Desemba 2007, mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Bali, Indonesia, ulikuwa umepitiliza siku yake ya kufungwa. Marekani ilikataa marekebisho ya makubaliano yaliyotakiwa na nchi zinazoendelea, ukumbi ukazomea. Kevin Conrad, mjumbe wa Papua New Guinea, akaiambia Marekani kwamba kama haiko tayari kuongoza, iwaachie wengine, na tafadhali ipishe njia. Muda mfupi baadaye mjumbe wa Marekani, Paula Dobriansky, akatangaza kuwa nchi yake inajiunga na wenzake.

Usiitafute siri yake kwenye ufasaha. Aliyeambiwa alikuwa ukumbini, uwezo wa kukubali alikuwa nao saa ileile, ombi lilikuwa moja, na nchi nyingine zilikuwa zimeshasimama upande mmoja. Maneno hayohayo yangetamkwa siku ya ufunguzi, yangepita kama upepo.

Linganisha na hotuba ya Greta Thunberg, mwanaharakati kijana wa Sweden, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, New York, Septemba 2019. Kwa muda usiofika dakika tano aliwauliza viongozi mara nne wanathubutuje, na katikati akataja mahesabu mazito ya kiasi cha hewa ukaa (kaboni dioksidi) ambacho dunia bado inaweza kukitoa. Watu wanaikumbuka ile hasira. Mahesabu wanayakumbuka wachache. Kwa maoni yetu hilo halikuwa kasoro, kwa sababu hotuba yake ilisikilizwa zaidi na waliokuwa nje ya ukumbi. Ila usiige hasira hiyo mbele ya bodi unayoiomba fedha.

Severn Cullis-Suzuki wa Kanada naye, akiwa na miaka 12 kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira huko Rio de Janeiro mwaka 1992, alitumia takriri: hamjui kuziba matundu ya ozoni (tabaka la juu la hewa linalotukinga na miale mikali ya jua), hamjui kumrudisha samaki kwenye kijito kilichokufa, na kadhalika, hadi akafika kwenye ombi kwamba wasichojua kukitengeneza waache kukivunja. Kila "hamjui" inamsogeza msikilizaji, kisha ombi linamkuta hana pa kukwepea. Inafaa pia kujua kwamba mtoto haulizwi ana maslahi gani. Mtu mzima akiyasema hayo ataulizwa.

Nitumie takwimu ngapi? (Mwanafunzi wa chuo)

Mbili, au tatu ukizidi. Na kila moja iwe na kilinganishi. "Sehemu 420 katika milioni" haimwambii mtu chochote. Sema: kabla ya zama za viwanda hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni, sasa imepita 420, yaani imeongezeka kwa nusu.

Mtego mkubwa ni nyuzi 1.5 za Selsiasi, kikomo cha ongezeko la joto la dunia ambacho nchi zilikubaliana kujitahidi zisikipite. Msikilizaji anajua kwamba kati ya asubuhi na adhuhuri joto hupanda nyuzi kumi na hakuna anayekufa, kwa hiyo tofauti ya 1.5 na 2 anaiona mzaha. Lazima useme kwamba huo ni wastani wa dunia nzima kwa miaka mingi, kisha uonyeshe matokeo. Mia Mottley, waziri mkuu wa Barbados, alifanya hivyo kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021: alizitaja nchi kwa majina, ikiwemo Kenya na Msumbiji, akasema nyuzi mbili kwao ni hukumu ya kifo. Ukitaka njia ya kisayansi, tumia hii: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana mvua ikija huja kwa kishindo.

Usiseme kimbunga fulani "kimeletwa" na mabadiliko ya tabianchi. Sema joto huongeza ukali wake au uwezekano wake, pale utafiti unapoonyesha hivyo. Na usichanganye tundu la ozoni na ongezeko la joto. Mjuzi mmoja akikukamata hapo, wote watatilia shaka hata yale uliyoyasema sawasawa.

Akisimama mtu akisema tabianchi imekuwa ikibadilika tangu enzi na enzi? (Kiongozi wa kikundi cha vijana)

Mkubalie, kwa sababu ni kweli. Kisha uliza: safari hii imebadilishwa na nini? Kama lingekuwa jua, hewa ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Vipimo vinaonyesha hewa ya karibu na ardhi inapata joto huku tabaka la strato, lililo juu ya mawingu, likipoa. Gesi zinazozuia joto lisitoke ndizo zinazoacha alama hiyo. Akikuambia wiki hii kuna baridi, mkumbushe kwamba tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Usizidishe sekunde arobaini. Rudi kwenye ombi. Humjibu yeye, unawajibu wanaomtazama.

Nisome au nikariri? (Msomaji)

Kariri sentensi ya kwanza na ombi. Mengine yawe vidokezo kwenye kadi moja, herufi kubwa, upande mmoja tu wa karatasi, maana kugeuza kadi mbele ya kipaza sauti husikika hadi viti vya nyuma.