Mgonjwa anaposema "naendelea vizuri" huku alama zake zikipanda

Ndugu mleta mada, umeuliza kama akili mnemba inaweza kumsaidia mtoa tiba ya mazungumzo abadili mwenendo wake kulingana na mgonjwa aliye mbele yake. Nimefanya kazi hii Mbeya kwa miaka kadhaa, na naamini inaweza, mradi kazi yake iwe kumshtua mtaalamu, si kumsemea mgonjwa.

Niliwahi kumhudumia mama mmoja kutoka Rungwe, mwenye umri wa kunizaa, aliyepata sonona baada ya kufiwa. Kila kikao nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", kisha akasema anaendelea vizuri, nami nikaridhika. Kumbe dodoso la PHQ-9 la kupima ukali wa sonona alilokuwa akijaza, lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27 (zikipanda, hali imezidi kuwa mbaya), lilionyesha alama zake zikipanda wiki hadi wiki, lakini karatasi zilikaa kwenye faili bila mimi kuzilinganisha. Nilipozipanga na kumwuliza, alijibu kwamba hakutaka kumtwisha mtoto machozi yake. Nilimkabidhi kwa mwenzangu wa rika lake, na huko akafunguka. Kosa lile bado linaniuma.

Wataalamu wengine pia hupitiwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, watoa tiba walitakiwa kubashiri ni nani kati ya wateja 550 wangezidiwa. Walitaja 3, ilhali waliozidiwa walikuwa 40. Hapo ndipo programu ya akili mnemba inapofaa, kwa kuwa hulinganisha alama za mgonjwa na za wengine walioanza katika hali kama yake, ikatoa tahadhari mapema. Wolfgang Lutz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, wameunda mfumo unaopendekeza hata mbinu ya kuanzia.

Kwenye lugha nina shaka kubwa. Nilijaribu programu moja kwa sentensi nilizotunga mwenyewe, kwani maneno ya mgonjwa ni siri yake na siwezi kuyapeleka huko. Nilipoandika "nina mawazo sana", ikaelewa kwamba mtu huyo ana fikra nyingi, wakati kwetu anayesema hivyo ana dhiki inayomnyima usingizi. Sijui ingefanya nini kwa mtu anayehamia Kinyakyusa katikati ya kilio.

Siku hizi nauweka mchoro wa alama mezani, tunautazama pamoja, na ninamwomba mgonjwa anieleze mstari ulipopanda kulikuwa na nini nyumbani.