Anayeanza Fidla Aanze na Mkono wa Upinde

Wengi wanaoanza kujifunza fidla hapa Kampala huniuliza kwanza vidole vya mkono wa kushoto vikae wapi, ilhali kwa niliyoyapitia, mikwaruzo inayowafanya majirani wafunge madirisha hutokana na mkono wa kulia unaoshika upinde. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba majuma ya mwanzo uvute upinde tu kwenye nyuzi nne, G, D, A na E, bila kubonyeza hata mmoja. Simama mbele ya kioo uhakikishe kwamba upinde unakwenda sambamba na daraja, yaani kibao kidogo kinachoinua nyuzi, kwa sababu ukienda mshazari huteleza kuelekea ubao wa vidole, pale vidole vinapobonyeza nyuzi, na sauti hupwaya. Kisha badilisha kasi ya upinde, uzito wa mkono na umbali kutoka kwenye daraja, kimoja baada ya kingine, huku ukisikiliza kila badiliko linavyoigeuza sauti.

Anayeona zoezi hili linachosha amsikilize mpiga endingidi wa Buganda, ambaye ala yake ya upinde ina uzi mmoja tu na bado huiimbisha. Endingidi na fidla zote hazina alama za kuonyesha noti ilipo, kwa hiyo sikio ndilo hakimu. Ndiyo maana sipendi sana vile vipande vya utepe vinavyobandikwa kwenye ubao wa vidole, ingawa kwa mtoto mdogo ninavivumilia.

Upinde mpya usiopakwa rozini, yaani utomvu mkavu wa miti unaozifanya singa zishike nyuzi, hautoi sauti yoyote ya maana, kwa kuwa singa za farasi huteleza juu ya nyuzi bila kuzishika. Kwangua kidogo rozini mpya kwa msasa laini kabla ya kuipaka, usiziguse singa kwa vidole vyenye mafuta, na ulegeze upinde kila unapomaliza kupiga.

Kuhusu ununuzi, mtu mzima hutumia fidla ya ukubwa kamili, na mtoto hupimwa kwa urefu wa mkono wake. Ukinunua iliyotumika, usifungue nyuzi zote kwa pamoja ili kuisafisha: daraja halijagundishwa, husimama kwa mkazo wa nyuzi, na kijiti cha ndani kinachobeba sauti kinaweza kuanguka pia. Badilisha uzi mmoja mmoja, na kijiti kikianguka, mpelekee fundi.