Kwa nini walimpima sukari kwanza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 3 alishikwa na degedege usiku akiwa na homa, tukamkimbiza hospitali hapa Tanga. Muuguzi alimlaza ubavu, akamtoboa kidole kupima sukari, ndipo akamchoma sindano. Je, hawakupoteza muda? Na je, hiki ni kifafa?
Mama, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa usiku ule. Hawakupoteza muda. Kulazwa ubavu huzuia mate na matapishi yasiingie mapafuni, na tone lile la damu huonyesha kama sukari imeshuka, hali inayoweza kuleta degedege ambalo diazepamu, dawa ya sindano ya kuzima degedege, peke yake haiondoi chanzo chake, huku ubongo ukiendelea kuumia. Degedege linalopita dakika 5 ni dharura, kwa kuwa kadiri linavyoendelea ndivyo linavyozidi kuwa gumu kuzimwa.

Kwetu pwani kipimo cha malaria ni lazima. Shingo ikikakamaa au mtoto asipozinduka, daktari huchunguza pia homa ya uti wa mgongo. Degedege moja lenye homa si kifafa. Likirudi, tazama saa, na nakusihi, usimtie kijiko mdomoni.